Chungu Kimoja, Hesabu Mbili: Kipato cha Mama wa Nyumbani Tanga

Ukipita Makorora saa kumi na moja alfajiri, pua hutangulia macho. Harufu ya iliki na nazi inakufikia kwanza, ndipo unaona jiko la mkaa barazani, chuma cha vitumbua juu yake, na mama aliyejitanda kanga akigeuza kwa kijiti. Nyumba ya tatu wanachoma maandazi. Ya tano kuna chai na mihogo ya kukaanga. Ikifika saa mbili asubuhi yote yamekwisha, baraza limefagiwa, na mama yule yule akiulizwa na karani wa sensa anafanya kazi gani, anajibu: "Mama wa nyumbani tu."

Muulize sasa kwa siku anapata shilingi ngapi. "Hatukosi ya mboga." Au: "Ya sabuni inapatikana, mwaya." Nimewauliza hivyo majirani, mashoga na wenzangu wa mchezo wa kupeana pesa, na kwa muda mrefu nilidhani wananificha. Siku nilipojiuliza mwenyewe, wakati huo nauza barafu na ubuyu dirishani, nikakuta nami jibu sina. Sikuwa namficha mtu. Nilikuwa sijui.

Mazungumzo ya kina mama kujiongezea kipato huanza na orodha: fuga kuku, pika keki, tengeneza sabuni ya maji, uza vijora kwa simu. Lakini Tanga hii mwanamke asiyejua walau kitu kimoja cha kuuza ni wa kutafuta kwa taa. Kinachosumbua ni hesabu, na hesabu ya mama wa nyumbani ni ngumu kuliko ya mwenye duka la Barabara ya Kumi na Mbili. Mwenye duka akifunga mlango, duka analiacha huko huko Ngamiani. Mama anapikia wateja kwa sufuria anayopikia watoto, kwa mkaa ule ule, kwa mchele wa gunia lile lile, huku mtoto mgongoni. Biashara inakula nyumba, nyumba inakula biashara, na hakuna anayeona nani kala nini.

Asubuhi moja, faida tatu

Tufungue asubuhi moja tuitazame ndani. Bei ninazotaja ni za mfano. Za mtaani kwako ziweke mwenyewe, sura ya hesabu haitabadilika.

Shoga yangu mmoja wa Mabawa anapika vitumbua vya kilo mbili. Mchele ni 5,000. Nazi tatu, 3,000. Sukari nusu kilo, 1,500. Hamira na iliki, 700. Mafuta 2,800. Mkaa 2,000. Kusaga mchele mashineni, 600. Jumla 15,600. Anapata vitumbua mia moja, kimoja 200, sinia zima 20,000.

Siku ya kwanza nilipomuuliza faida, aliniambia elfu kumi na nne na ushei. Wala hakudanganya. Mchele ulichotwa kwenye gunia alilonunua mumewe, nazi zilitoka kwa mama mkwe Pongwe, mkaa ulikuwa wa nyumba. Pesa iliyotoka mkononi mwake ni ya sukari, hamira na iliki, mafuta na mashine, basi: 5,600. Toa hiyo kwenye 20,000, unapata 14,400. Hicho ndicho mkono wake unachokiona sinia likiuzwa lote.

Ukilipia kila kilichoingia kwenye bakuli, hata kile kilichotoka stoo, faida inashuka hadi 4,400.

Halafu kuna asubuhi yenyewe ilivyokwenda. Watoto wanne walikula viwili viwili kabla ya shule, vikawa vinane. Sita vilipoa, vikapelekwa kwa bibi wa nyumba ya pili. Vilivyouzwa ni 86, sawa na 17,200. Toa 15,600. Zinabaki 1,600.

Basi 14,400, 4,400 au 1,600? Zote tatu ni za kweli, ila kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza inakwambia mama anashika taslimu kiasi gani sinia likiuzwa lote. Ya pili inakwambia kama vitumbua, kama kazi, vinalipa. Ya tatu inakwambia kilichosalia baada ya nyumba kushiba. Na hiyo ya tatu ina ujanja wake, kwa sababu vile vinane vya watoto si hasara. Watoto wangekunywa chai na kitu hata mama yao asingepika biashara. Mkate ungenunuliwa dukani. Ni kifungua kinywa ambacho bakuli la biashara limekilipia kimya kimya, na mwenye kukidaiwa ni nyumba.

Ugomvi mwingi unaanzia hapa. Gunia lililozoea kwisha siku arobaini linakwisha siku ishirini na tano. Baba anauliza mchele umeendaje. Mama anajibu, "Si mmekula?" Wote wawili wana haki, na wote wawili wamekosea.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mama akiamini ile 14,400, atajiona ameshika mradi, apange kibanda sokoni, amlipe binti wa kumsaidia, anunue kila kitu kwa taslimu. Nimewaona wanawake watatu wakitoka barazani kwenda kibandani kule upande wa Mgandini wakiwa na furaha ya bibi harusi, na kabla mwaka haujaisha wamerudi barazani. Walisemwa mengi: wamerogwa, hawana bahati, wamepigwa jicho. Kumbe gunia la mume na nazi za mama mkwe hazikuwafuata sokoni. Walihama na 4,400, wakaanza kulipia kodi ya kibanda.

Na hapo bado hatujahesabu usingizi. Kuloweka, kusaga na kukanda jioni, kuamka saa kumi, kuuza mpaka saa mbili: ni saa kama sita. 4,400 kwa saa sita ni shilingi 730 hivi kwa saa. Sisemi ni kidogo wala nyingi. Kwa aliyekuwa anaombea kila shilingi ya chumvi, 730 zake mwenyewe zina uzito mwingine. Nasema azijue.

Dawa yake haihitaji benki. Ni makopo mawili na daftari la shule. Biashara ikichota mchele wa nyumba, kopo la biashara linalipa kopo la nyumba, hata kama yote mawili yako kwenye kabati moja. Nyumba ikila vitumbua, nyumba inalipa, na kama haina, inaandikwa. Shoga yangu alicheka sana nilipomwambia ajilipe mkaa wake mwenyewe. "Sasa nitajidai mie?" Lakini alijaribu mwezi mmoja, na jambo la kwanza alilogundua halikuwa la mkaa wala mchele. Ni kwamba Jumamosi, wanafunzi wakiwa hawapo, sinia lilikuwa linabaki robo kila wiki, na alikuwa hajawahi kuliona kwa kuwa vilivyobaki vililiwa. Siku hizi Jumamosi anapika kilo moja.

Bei ya mtaa na bei ya mkono

Kitumbua cha 200 ni cha 200. Ukisema 250, chenji peke yake itakushinda, na jirani yako bado yuko kwenye 200. Mchele ukipanda bei utajaribu kupunguza ukubwa, na wateja wa Tanga macho wanayo: "Mbona vitumbua vyako siku hizi vimekonda, vina homa?" Vitu vya namna hii, vitumbua, maandazi, barafu, kachori, karanga za kupima, bei yake imepangwa na mtaa. Faida yake hutaipata kwenye kuuza. Itafute kwenye kununua: wanawake watano kuchanga gunia moja na kugawana kwa kilo kunaongeza faida kuliko kubuni kitumbua cha zabibu.

Upande wa pili kuna vitu ambavyo bei yake imo mkononi mwa mfanyaji. Hina na piko za bibi harusi. Kumsinga mwari kwa singo. Keki. Kushona. Sinia la biriani la shughuli. Tambi na visheti za sikukuu. Hapa mtu halipii unga na sukari tu, analipia jina lako. Mchoraji hina mzuri haulizwi mbona ghali. Anaulizwa tarehe fulani ana nafasi? Tatizo lake ni kwamba watu hawafungi harusi kila siku. Shaabani kwa kawaida harusi zinabanana, watu wanawahi kabla ya mfungo. Ukiingia mwezi wa Ramadhani baraza la asubuhi linalala, lakini alasiri mtaa mzima unataka kaimati, sambusa na mkate wa kumimina. Kuelekea Idi, cherehani hailali. Kisha inakuja miezi mikavu, na aliyetegemea oda peke yake anaanza kuazima chumvi.

Wengi niliowaona wamesimama vizuri wana miguu miwili: baraza la kila siku kwa ajili ya mboga, na oda kwa ajili ya ada. Na wateja wa oda mara nyingi wanatoka hapo hapo kwenye baraza.

Kuna kipimo kingine nisichokiona kikitajwa, nacho kwa mwenye mtoto mchanga ni kikubwa kuliko mtaji: je, kazi yenyewe inakubali kuachwa? Ukili wa mkeka unakubali. Mtoto akilia unauweka chini, unanyonyesha, unarudi unaendelea na chane ile ile. Vitumbua havikubali, dakika tatu ukimkimbilia mtoto, chuma kizima kimeungua. Hina haikubali, mkono wa bibi harusi hauachwi nusu ua. Cherehani iko katikati. Na hapo ndipo utaelewa kwa nini kusuka mkeka kunalipa kidogo kwa saa zake: kazi inayokubali kuachwa inafanywa na kila mwenye mtoto, bibi na msichana aliye likizo, kwa hiyo wauzaji ni wengi. Hata mwani wanaolima wanawake wa mwambao wa Mkinga na Pangani unafuata hesabu ya namna hiyo, ila anayeamua ratiba ni maji. Siku za bamvu, bahari ikikupwa, unakwenda, mtoto alale asilale.

Friza yangu

Nilinunua friza kwa kuamini barafu haina gharama: maji, ukwaju, sukari kidogo, vifuko. Umeme nilijipigia hesabu ya juu juu. Nyumba yetu ilikuwa inatumia kama uniti 50 kwa mwezi, nasi tuko kundi la watumiaji wadogo la TANESCO, D1, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Friza za kawaida hula kati ya uniti moja na mbili kwa siku. Nikasema, uniti 45 kwa 100 ni 4,500. Nini hicho?

Nilichosahau ni kwamba bei hiyo ya D1 inaishia uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ni 350 kila moja. Hamsini za nyumba na arobaini na tano za friza ni 95. Sabini na tano za kwanza 7,500, ishirini za juu 7,000, jumla 14,500. Kabla ya friza nilikuwa nalipa 5,000. Kwa hiyo barafu ilikuwa inakula 9,500, zaidi ya mara mbili ya niliyoiwazia, na hapo kodi bado. Na nyumba ikizoea kuvuka inaweza kuhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, T1, ambako kila uniti tangu ya kwanza ni 292. Uniti zangu 95 zingekuwa 27,740. Toa 5,000 niliyokuwa nalipa mwanzo, barafu inadaiwa 22,740. Barafu ya shilingi mia: uze 228 kwanza kwa ajili ya umeme, ndipo uanze kufikiria ukwaju.

Sikuiuza friza. Niliacha kuweka barafu peke yake, nikaanza kuwahifadhia samaki majirani wawili wanaonunua kwa wachuuzi wa soko la samaki la Deep Sea, kwa malipo. Friza iliyojaa na friza iliyo nusu hazipishani sana kwa umeme. Zinapishana kwa pesa.

Kopo linalovuja

Madeni ya mtaani sitayasemea sana, kila mtu anayo. "Niandikie, nitakupa jioni." Huwezi kumkatalia jirani vitumbua vinne ilhali juzi alikupa ndimu na kesho yeye ndiye atakayekupeleka hospitali usiku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa baraza, kukopesha ni sehemu ya gharama, kama mkaa: liweke kiwango, tuseme 2,000 kwa siku, na kikifika hapo ulimi uwe mwepesi kusema leo nimeandika wengi.

La kueleza kwa kirefu ni pesa tunayochukua sisi, maana mchezo, kikoba na mkopo wa mtaani watu wanauchanganya kana kwamba ni kitu kimoja.

Chukua mchezo wa wanawake kumi, elfu kumi kila wiki. Kila wiki mmoja anabeba 100,000. Haina riba, haina fomu, kuna kijumbe wa kukusanya pesa na kuna kuaminiana. Lakini anayepokea wiki ya kwanza ametoa 10,000 akabeba laki. Amekopeshwa 90,000 na wenzake bila riba. Anayepokea wiki ya kumi ametoa wiki zote na anachukua pesa yake mwenyewe, ameweka akiba. Mchezo mmoja, kwa mmoja mkopo, kwa mwingine kibubu. Kwa hiyo kugombania namba ya kwanza kwa kila mtu si akili. Unataka cherehani ianze kukuzalishia? Omba namba za mwanzo. Unataka ada ya Januari isiguswe? Omba za mwisho, na umwombe Mungu kijumbe awe mtu wa kueleweka.

Kikoba ni mnyama mwingine. Unanunua hisa kila wiki, unakopa kwa kadiri ya hisa zako, vikundi vingi hadi mara tatu, na riba inayolipwa haiondoki kikundini: siku ya kuvunja, mnagawana. Ukiambiwa riba ya asilimia kumi usishtuke haraka, jiulize inakwenda kwa nani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne, na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Cheti hicho wengi wanakidharau mpaka siku mweka hazina anapohama mji.

Halafu kuna kausha damu, ndio huo mkopo wa mtaani. Mfano wa mkataba wa kawaida mtaani: unaomba 100,000, inakatwa 10,000 ya fomu, unapewa 90,000, unarejesha 4,300 kila siku kwa siku thelathini. Jumla 129,000. Mkopeshaji atakwambia riba ni kama asilimia thelathini tu. Angalia tena. Uliyopokea ni 90,000, kwa hiyo umelipia 39,000. Na hata hiyo 90,000 hukukaa nayo mwezi. Ulianza kuirudisha kesho yake. Siku ya kumi na tano umesharejesha 64,500. Ukichukua wastani wa mwezi mzima, pesa ya watu iliyokuwa mkononi mwako kwa kweli ni kama nusu, 45,000 hivi. Umelipa 39,000 kuazima 45,000 kwa mwezi. Vitumbua gani vinaleta faida hiyo?

Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wenye leseni ya kukopesha lakini wasiopokea akiba za watu, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja, hiyo ni 3,500. Weka 3,500 kando ya 39,000 uone umbali. Wakopeshaji wa kwenye simu nao ni hivyo hivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Lakini nisiwe mnafiki: mtu hakimbilii kausha damu kwa ujinga. Anakwenda kwa sababu pesa inatoka leo saa nne, na mtoto amerudishwa ada leo saa tatu. Anayetaka kumkinga shoga yake na kausha damu ampe namba ya mapema kwenye mchezo.

Ipo pia mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, inatolewa kwa vikundi, ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Itachukua muda, usiipangie ada ya mwezi huu.

Kodi, alama, na kazi za kubonyeza simu

Kodi inaogopwa kuliko inavyostahili. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 halipi kodi ya mapato. Mauzo, si faida, na hapo wengi wanajikwaa. Shoga yangu wa Mabawa kwa 17,200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anauza 5,366,400 kwa mwaka. Yumo kwenye kundi la milioni 4 hadi 7. Asiye na kumbukumbu anatozwa 100,000 moja kwa moja. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia tatu ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 40,992. Tofauti ni 59,008, na kinachoileta ni lile daftari la shule.

Ukianza kufunga vitu kwenye pakiti zenye lebo, achari, unga wa lishe, sabuni, viungo vya Amani kule Muheza, na ukataka viuzwe dukani, utahitaji alama ya TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 chakula na vipodozi viko chini yao. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi mkoani, watakupa mafunzo na barua ya utambulisho. Kwa sinia la barazani habari hii haikuhusu, afisa afya wa kata ndiye mgeni wako.

Kuuza kwa stetasi ya WhatsApp kunafaa sana kwa vijora na keki, mradi mkubaliane mapema nani analipa bodaboda na mteja akumbuke kutuma na ya kutolea. Lakini zile "kazi za nyumbani" za kubonyeza video na kulipwa, ambazo lazima kwanza uweke pesa na ulete watu watatu, mimi naziita kwa jina lake. DECI, wale wa upatu, walituambia tupande mbegu tuvune, mwaka 2009 shamba likafungwa. Kipimo ni kimoja: kama pesa unayolipwa inatoka kwa atakayejiunga baada yako, hiyo ni zamu, na ya mwisho haina mchezo.

Pesa ya nani?

Tumefika pagumu. Kwa wengi wetu huku pwani, dini imeshasema: matunzo ya mke na nyumba ni juu ya mume, na alichochuma mke ni chake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe, na inamtaka mume kumtunza mkewe. Kwenye karatasi hakuna utata. Nyumbani, mume akijua kopo lina elfu ishirini, ile elfu tano ya mboga inachelewa asubuhi, kesho inasahaulika, na baada ya miezi miwili mama analisha nyumba kwa vitumbua huku akiambiwa ana biashara. Hajaongeza kipato. Amebadilisha mfuko tu.

Ndiyo maana wengine wanaficha, na siwalaumu. Ila kuficha kuna bei yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambalo mawakili wanalitaja mpaka leo: kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Lilikuwa jambo kubwa. Kinachosahaulika ni kwamba mwanamke mwenyewe hakuambulia mgao, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa ameshapewa na mumewe fedha za kuanzishia mradi wa familia na zikatumika ovyo. Nikilisoma shauri hilo nawaza makopo mawili. Pesa ikipita mikononi mwako bila kuandikwa, anayetaka kusema imepotea hana kizuizi.

Shoga yangu yeye hakuficha. Aliliacha daftari juu ya meza, karibu na birika. Mumewe akalifungua siku moja akisubiri chai, akafika kwenye mstari ulioandikwa: "Watoto 8 = 1,600."

"Mama watoto, hata wanangu nao wanadaiwa humu?"

"Watoto hawadaiwi, baba. Anadaiwa baba yao."

Akacheka, akatoa noti ya elfu mbili, akaiweka juu ya daftari. Chenji hakuuliza. Kesho yake asubuhi alipotoka alichukua vitumbua viwili vya kwenda navyo kazini, na mkewe akaandika.